MAGAZIJUTO si ya hisabati peke yake

Muulize mtoto yeyote wa darasa la sita aanze na tendo lipi kwenye swali lenye mabano, kugawanya na kujumlisha. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: MAGAZIJUTO! Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sasa muulize mtoto huyohuyo nchi nane zinazopakana na Tanzania. Atataja Kenya, atataja Uganda, atatazama dari, halafu atarudi Kenya.

Nilifundisha hisabati kipindi cha pili na Maarifa ya Jamii kipindi cha tano, chumba kilekile, watoto walewale 84, na ilinichukua miaka kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Kile kilichowaokoa asubuhi hakuna aliyewaambia kwamba mchana nacho kinafanya kazi. Wao walidhani MAGAZIJUTO ni mali ya hisabati, kama rula na bikari.

Naandika haya kwa walimu wenzangu wa shule za msingi, hasa mlio na madarasa makubwa na chaki za kuhesabu. Mbinu za kukumbuka ziko nyingi na si kazi ngumu kuzifundisha. Kazi iko kwenye kumfanya mtoto aichomoe mbinu mwenyewe, siku ambayo wewe hupo, kwenye somo ambalo hukulifundisha. Hapo ndipo mimi nilikwama, na hivi ndivyo nilivyojikwamua.

Anza na walichonacho

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuingia darasani na mbinu zangu kumi kwenye karatasi ya manila. Nilizibandika ukutani. Zilikaa pale mpaka mjusi akataga nyuma yake.

Mwaka uliofuata sikubandika kitu. Niliuliza: "Mwezi Julai una siku ngapi? Usitazame kalenda." Ngumi zikatoka mara moja, vidole vya mkono wa pili vikawa vinahesabu vifundo na mabonde: kifundo 31, bonde 30, isipokuwa Februari. Nikauliza nani aliwafundisha. Dada. Jirani. Mtoto wa mama mdogo. Hakuna aliyemtaja mwalimu.

Nikauliza nani anaweza kuita vituo kama konda. Kijana mmoja akasimama juu ya dawati, nami nikamwacha: "Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire, Kariakooo!" Bila kukosea, na mkono umeshika mlango usiokuwepo. Mtoto huyo nilikuwa nimemwandika kwenye ripoti kuwa ni msahaulifu.

Halafu nikawauliza wanaokwenda chuo cha Qurani jioni: ustadhi akikupa darasa jipya, la jana anaachana nalo? Wakacheka. Thubutu! Mimi mwenyewe nilisoma chuo Pangani, na kabla hujapewa aya mpya ilikuwa lazima utoe ya jana, na ya juzi, na Ijumaa ilipokaribia unatoa za wiki nzima, bila kutazama, macho kwa mwalimu. Ukikwama, anakuchombeza neno moja tu, linalobaki unalitafuta mwenyewe. Wakati ule niliona ni ukali. Leo naona yule mzee alijua jambo ambalo Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, aliliandika kitabuni mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, na kurudia kulikosambazwa katika siku mbalimbali hushinda kurudia kulikorundikwa siku moja.

Baada ya hapo niliandika ubaoni mambo matatu tu: silabi, njia, na kufunga daftari. Ni haya matatu, mwaka mzima. Ukiongeza la nne mapema, watakumbuka majina ya mbinu na kusahau kuzitumia.

Silabi, si herufi

Hapa nina ugomvi kidogo na vitabu vya kigeni. Vinashauri mtoto achukue herufi ya kwanza ya kila neno atengeneze sentensi. Kwa Kiingereza inakwenda. Kwa Kiswahili jaribu sehemu za mfumo wa mmeng'enyo wa chakula: umio, utumbo mwembamba, utumbo mpana. U, U, U. Sayari: Zebaki, Zuhura, Zohali. Nomino zetu zinatangulizwa viambishi vya ngeli, kwa hiyo herufi ya kwanza mara nyingi inakwambia ngeli tu, haikwambii neno.

Aliyetunga MAGAZIJUTO, yeyote yule, alilijua hili. Hakuchukua M-G-Z-J-T. Alichukua silabi, zikatamkika, zikawa kama jina la mtu. Waonyeshe watoto hilo waziwazi: ivunje ubaoni, MA-GA-ZI-JU-TO, kisha waambie, "Sasa tengenezeni ya nchi jirani." Waache wagombane kwa makundi. Darasa langu walizunguka ramani kuanzia kaskazini wakielekea magharibi na kushuka: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi, Msumbiji. Wakatoka na KEURWABU KOZAMAMSU. Kwa wiki mbili kila aliyechelewa shule aliitwa Mzee Keurwabu. Nami sikuingilia, ingawa ningependa jina fupi zaidi. Jina walilotunga wao, hata likiwa baya, hukaa kuliko lile zuri nililotunga mimi.

Njia

Orodha ikizidi mambo sita au saba, au mpangilio wake ukiwa ndio unaoulizwa, silabi zinachosha. Hapo tumia njia. Warumi wa kale walikariri hotuba kwa kutembea kichwani ndani ya nyumba wanayoijua na kuweka kila hoja kwenye chumba chake. Cicero, msemaji wao maarufu, ameieleza. Sisi wa Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, tunayo njia ndefu zaidi ya nyumba.

Nilifundisha barua rasmi hivi. Kimara, kituoni, pamesimama nguzo yenye anwani yangu, mwandishi. Ubungo, kwenye daraja la juu, imening'inia kalenda kubwa: tarehe. Shekilango kuna jengo lenye bango la anwani ya mwandikiwa. Manzese, juu ya daraja la waenda kwa miguu, watu wawili wanapeana mikono: salamu, "Ndugu". Magomeni kuna mtu amevaa kichwa kikubwa cha sanamu: kichwa cha barua. Jangwani maji yamejaa mpaka barabarani, kama kila masika: hapo ndipo kiini, sehemu iliyojaa maneno. Fire, askari wa zimamoto anapiga saluti: "Wako mtiifu". Kariakoo unashuka, unasaini, unaandika jina na cheo.

Walicheka sana Jangwani. Na hakuna aliyewahi tena kuweka tarehe chini ya saini.

Kama uko Kasulu au Micheweni, usiwape njia yangu. Kila mtoto anayo njia ya kutoka kwao mpaka shuleni: mlango, kisima, mwembe, duka, msikiti au kanisa, uwanja wa mpira. Mwambie afumbe macho aitembee, ahesabu vituo kumi, aviandike. Vituo hivyo ni vyake milele. Mizigo ndiyo inayobadilika.

Kufunga daftari

Hili la tatu ndilo wanalolikwepa, na ndilo lenye nguvu kuliko yote. Watoto wetu "hujisomea" kwa kusoma upya, mara tatu, mara nne, kidole kikifuata mstari. Wanatoka wamejaa imani kwamba wanajua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwagawa wanafunzi: wengine wakasoma kifungu na kukisoma tena, wengine wakasoma na kisha kujaribu kukiandika bila kutazama. Dakika tano baadaye waliosoma tena walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yakageuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliosoma tena asilimia 42.

Usiwahubirie watoto asilimia hizo. Wapime wao wenyewe. Jumatatu wape aya mbili za urefu sawa, moja waisome mara nne, nyingine waisome mara mbili na kufunga daftari mara mbili wakiandika wanachokumbuka. Waulize: ipi mnaijua zaidi? Watasema ya kwanza. Jumatatu inayofuata, bila taarifa, wape karatasi tupu. Yule aliyejiona anajua akiona karatasi yake mwenyewe ina mistari miwili, huhitaji tena hotuba.

Kwa darasa kubwa: boksi tupu la chaki linatoa kadi za kutosha dawati moja. Swali upande huu, jibu upande ule. Wa kushoto anauliza, wa kulia anajibu, kisha wanabadilishana. Dakika saba kabla ya kengele. Kadi ya aliyekosa inarudi kesho, ya aliyepata inarudi wiki ijayo.

Wiki moja, masomo matatu

Sasa tunafika kwenye kiini chenyewe, Jangwani kwetu. Ukifundisha mbinu kwenye somo moja, inakufa na somo hilo. Kwa hiyo mbinu moja niliipitisha kwenye masomo matatu katika wiki hiyohiyo. Njia: Jumatatu kwenye barua rasmi, Jumatano kwenye safari ya chakula mwilini, Ijumaa kwenye nchi jirani. Kila mara nilisema kwa sauti, kama mtu anayeongea peke yake: "Hiki kitu kina mpangilio. Mpangilio ndio utakaoulizwa. Basi naweka njiani." Usiwaambie mbinu tu, waambie kwa nini umeichagua. Na siku moja moja chagua vibaya makusudi, ukwame mbele yao, ujikune kichwa, ubadilishe. Mtoto ambaye hajawahi kumwona mwalimu akibadili mbinu atadhani mbinu ikigoma, yeye ndiye mjinga.

Kama masomo yamegawanywa kati ya walimu, zungumza na mwenzako chumba cha walimu. Mimi na mwalimu wa Sayansi na Teknolojia tulikubaliana neno moja tu: sote tutasema "weka njiani", hakuna atakayesema "chora ramani ya akili" upande mmoja na "safari ya kumbukumbu" upande wa pili. Kwa mtoto, majina mawili ni vitu viwili.

Jumatano hiyo ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye babu yake ni mtunzi wa mashairi, alinyoosha mkono: "Madamu, mimi njia siitaki. Naweza kutumia utenzi?" Nikamwambia lete. Kesho yake akaleta:

Chakula kiko kinywani
kikashuka umioni
kikaingia tumboni
humo kikachanganyika

Mstari wa kwanza alikuwa ameandika "Chakula huanza kinywani", jirani yake akahesabu mizani kwa vidole na kumwambia ni tisa, umezidi. Walibishana mpaka kengele ya mapumziko, wakaubadilisha ukawa na minane. Katika kubishana waliurudia labda mara thelathini. Nilijifunza siku ile kwamba kutunga ndiyo mbinu. Utenzi wenyewe ni risiti tu.

Pale mbinu inapodanganya

Najua kwamba neno kukariri limekuwa kama tusi kwenye semina zetu, na sehemu ya lawama ni halali. MAGAZIJUTO yenyewe ina mtego. Mpe mtoto 10 − 3 + 2. Anayeifuata kama msahafu atajumlisha kwanza, 3 na 2 ni 5, kisha 10 toa 5 ni 5. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja, unakwenda kushoto kulia, kama ilivyo kwa kugawanya na kuzidisha. Silabi zinakumbusha majina ya matendo. Haki za matendo lazima zieleweke kwanza. Ninalifundisha kosa hilo kwa makusudi kila mwaka, tena kwa kelele, kwa sababu ndilo somo bora la kuonyesha mipaka ya mbinu.

Mtego wa pili ni wa ngeli. Kijana mmoja mwenye bidii alikariri zote kwa mlio: yuawa, ui, liya, kivi, izi, uzi, uya, ku, pamuku. Ilipendeza kama ngoma. Mtihani ukauliza neno "ugonjwa" liko ngeli gani. Akaandika U-I. Orodha alikuwa nayo yote, ila swali halikutaka orodha. Lilitaka atie neno kwenye sentensi, umoja na wingi: ugonjwa umeenea, magonjwa yameenea. U-YA.

Kutoka kwake nikapata swali ambalo sasa liko juu ya ubao wangu kila siku: "Nitaulizwa nitaje, au nitaulizwa nifanye?" Ukiulizwa utaje, silabi au njia. Ukiulizwa ufanye, fanya mazoezi ya kufanya, na funga daftari ukiwa unafanya. Watoto wa darasa la tano wanalielewa swali hilo bila shida. Sisi watu wazima ndio huwa tunalichanganya.

Ukurasa wa nyuma

Kila mtoto ana ukurasa wa mwisho wa daftari, umegawanywa safu nne kwa rula: nilikuwa nakumbuka nini, nilitumia nini, kwa nini, nilipata ngapi baada ya siku tatu. Mistari miwili kwa wiki inatosha. Sisahihishi tahajia humo.

Safu ya tatu mwanzoni huandikwa upuuzi: "kwa sababu mwalimu alisema". Hapo unajua bado ni mali yako, haijawa yake. Endelea kuuliza ukipita kati ya madawati, usijibu. Baada ya miezi kama miwili utaanza kuona maneno mengine. "Kwa sababu ziko nane." "Kwa sababu nilikosa kwa silabi." Huyo wa pili mpe mkono.

Kuondoa mkono wako hufanyika taratibu, na kila mtoto ana kasi yake. Mimi huenda hivi: mwezi wa kwanza nachagua mbinu na kueleza sababu. Kisha nataja mbili, wao wachague moja na wajieleze. Kisha nauliza tu, "Hii tutaishikaje?" nakaa kimya. Kimya hicho ni kigumu kuliko kufundisha. Huwa nahesabu mpaka kumi na tano kimoyomoyo nikiangalia dirishani. Mwisho siulizi kabisa. Wakirudi nyuma, na watarudi, hasa baada ya likizo ndefu ya Juni, narudi nyuma hatua moja, si zote.

Wazazi nao wana sehemu, nayo ni ndogo. Mama mmoja alilalamika kikaoni kwamba mwanawe siku hizi hasomi, anakaa uani anatazama mwembe na kusema peke yake. Nilimwomba kitu kimoja: jioni amwombe mtoto daftari, alifunge, aseme, "Nieleze mimi sijui." Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kazi hiyo, na mara nyingi anaifanya vizuri kuliko aliyesoma, kwa sababu anauliza kweli.

Kipimo cha mwisho huwa nakifanya Oktoba. Nawapa jambo ambalo sijalifundisha na halimo kwenye masomo yangu, mwaka jana ilikuwa kanuni za usafi wa jiko la shule, tisa, kutoka kwa mpishi wetu. Naziandika ubaoni, nasema, "Ijumaa mpishi atawauliza," natoka nje na kufunga mlango. Kisha nachungulia dirishani. Wapo waliofumba macho na vidole vinatembea hewani: hao wako njiani. Wapo walioanza kunong'ona silabi. Wawili walikuwa wanakata boksi. Na wapo kama kumi na watano waliokuwa wananakili ubao, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri, halafu wakaanza kusoma upya kidole kikifuata mstari.

Majina ya hao kumi na watano nayaandika. Siwagombezi. Jumatatu nawakalisha na wale wawili waliokuwa wanakata boksi.